Kiti cha mtoto ndani ya Vitz: upande gani, mkanda upi, na kwa nini mteremko unadanganya

Magari mengi madogo tunayoendesha hapa Bukavu, Vitz, IST, Starlet, yalitengenezwa kwa ajili ya barabara za Japani. Usukani uko kulia, kwa sababu kule wanashika kushoto. Sisi tunashika kulia. Jambo hilo dogo ndilo linalofanya kiti cha mtoto kisumbue, na mashauri ya Ulaya au ya Japani hayakusaidii sana.

Tazama ilivyo. Kiti cha bebe kinachotazama nyuma kinakula nafasi ndefu. Ukikiweka nyuma ya shofere, yaani kulia, lazima shofere asogee mbele, na kifua chake kisikaribie katikati ya usukani chini ya sentimita 25. Mtu mrefu ndani ya Vitz hawezi. Basi kiti kinahamia kushoto, nyuma ya abiria wa mbele, ambaye anaweza kuvumilia magoti yake yabanwe. Lakini mlango wa kushoto unafungukia kwenye magari na pikipiki zinazopita, na kila mtu anajua jinsi taximan anavyopenya.

Ushauri wetu: kiti kikae kushoto, na mlango wa kushoto ufungwe kwa kile kidude cha usalama wa watoto kilicho ukingoni mwa mlango, ili usifunguke kutoka ndani. Mtoto aingie kwa mlango wa kulia. Mama anaingia kwanza, anakaa katikati, anamfunga kwa utulivu. Inachosha mgongo, hatukatai. Ukiwa ndani ya parsele, gari limezimwa, tumia mlango wowote.

Katikati ya kiti cha nyuma ni mbali na milango yote miwili, kwa hiyo kwenye ajali ya ubavuni ni pazuri. Ila katika magari haya ni pembamba, pana mwinuko, na magari mengi ya zamani yana mkanda wa kiunoni tu pale. Viti vichache vinakubali mkanda huo, kitabu chake kitasema. Kiti cha kuinulia mtoto mkubwa hakikubali kamwe, kwa sababu kinahitaji mkanda wa begani.

Na mbele? Kama gari lina mfuko wa hewa upande wa abiria na haujazimwa, kiti kinachotazama nyuma hakiwekwi hapo hata kwa safari ya dakika tano. Mfuko huo ukifumuka unapiga mgongo wa kiti, na kichwa cha bebe kiko nyuma yake tu.

Sasa mkanda. Hapa ndipo wengi wanakosea.

Kabla ya kuweka kiti, vuta mkanda wa gari polepole hadi mwisho kabisa, kisha uachie urudi. Ukisikia ka-ka-ka na ukijaribu kuuvuta tena ukagoma, gari lako lina mkanda unaojifunga, na unaweza kukibana kiti kwa huo. Ukirudi kimya na kuvutika tena kwa urahisi, basi unashika tu pale gari linaposimama ghafla. Siku za kawaida utalegea kidogo kidogo kwa kila shimo. Hapo unategemea kibanio cha kiti chenyewe, kile kipande cha plastiki kinachouma mkanda. Ukinunua kiti cha kutazama mbele kwa gari la namna hiyo, tafuta chenye kibanio.

Pitisha mkanda kwenye njia yake tu. Viti vingi vya Ulaya vina alama za rangi: buluu kwa mtoto anayetazama nyuma, nyekundu kwa anayetazama mbele. Kisha weka goti lako ndani ya kiti, ukandamize chini na kuelekea pembe ambapo mgongo wa kiti cha gari unakutana na sehemu ya kukalia. Vuta kwanza kipande cha kiunoni, halafu cha begani, huku goti halijatoka. Pima kwa kushika kiti pale mkanda unapopita na kukitikisa kushoto na kulia: kisisogee zaidi ya sentimita 2.5. Usipime kwa kushika juu. Kiti kinachotazama nyuma hutikisika juu hata kikiwa kimefungwa vizuri, na watu wanakifungua bure.

Ikiwa hakikazi hata ukiweka goti, angalia kifungio cha mkanda wa gari. Katika magari madogo shina lake mara nyingi ni refu, kifungio kinalala juu ya ukingo wa plastiki wa kiti cha mtoto badala ya kubaki chini yake. Mkanda hautakaza kamwe, na siku ya ajali kifungio kinaweza kuvunjika. Jaribu nafasi nyingine ya gari kwanza.

Tatizo jingine ni mkanda mfupi. Vile viti vya bebe vyenye mpini vinataka mkanda uzunguke nyuma ya mgongo wake, na Starlet ya zamani inaweza kukosa sentimita kumi. Hapo kiti hicho hakifai gari hilo, basi. Kwenda kwa fundi cherehani aunge kipande ni hatari: uzi wa suruali hauwezi kushika mtoto wa kilo 10, ambaye gari likigonga ukuta kwa kilomita 50 kwa saa anavutwa mbele kwa nguvu ya zaidi ya kilo 150. Kwa sababu hiyo hiyo mikono ya mama haitoshi. Na mkanda mmoja kwa mama na bebe aliyepakatwa ni mbaya zaidi, kwa kuwa uzito wa mama unambana mtoto kwenye mkanda.

ISOFIX ni zile pau mbili za chuma za kunasia kiti cha mtoto bila mkanda wa gari, zilizofichwa kwenye pembe ya kiti cha gari, zimeachana sentimita 28. Ingiza vidole utafute. Usipozipata, mkanda uliofungwa vizuri unatosha. Ukizipata, tumia pia mkanda wa juu (unaotoka juu ya mgongo wa kiti cha mtoto) au mguu wa kuegemea sakafuni kama kiti chako kinao, na usinase mkanda wa juu kwenye kipete cha kufungia mizigo.

Mwinamo. Mtoto mchanga anahitaji kulala karibu digrii 45. Akikaa wima, kidevu kinaangukia kifuani na pumzi inabanwa. Akilala kupita kiasi, kwenye mgongano anateleza kuelekea kichwani. Kiti kina alama au kipovu cha kuonyesha, lakini alama hiyo inaamini kwamba gari liko sawa, na Bukavu sawa ni wapi? Ukifunga kiti huku pua ya gari ikitazama chini, kwenye mteremko wa Kadutu, kiti kitaonekana kimelala vizuri. Ukifika Nguba kwenye tambarare, bebe amekaa wima. Weka simu yenye programu ya kupimia usawa kwenye kizingiti cha mlango. Ikionyesha zaidi ya digrii moja au mbili, hamisha gari. Kama bado kimesimama sana, taulo lililoviringwa kwa kubana na kuwekwa kwenye pembe ya kiti cha gari linakishusha, ikiwa kitabu chake kinaruhusu.

Mikanda ya ndani, ile ya kiti inayomfunga mtoto mwenyewe: kwa anayetazama nyuma itokee usawa wa mabega au chini kidogo; kwa anayetazama mbele, usawa au juu kidogo. Kaza hadi usiweze kufinya mkunjo wa mkanda begani. Asubuhi za baridi watu wanamfunga mtoto akiwa na koti nene na blanketi, mkanda unaonekana umekaza kumbe umekaza pamba. Mvue koti, mfunge, kisha mfunike kwa kitenge juu. Mikanda hiyo pia hailowekwi kwenye javeli. Ipanguse kwa kitambaa chenye maji na sabuni laini.

Kwa kiti cha mitumba, tafuta lebo ya rangi ya chungwa yenye E ndani ya duara na namba R44/04 au R129, yaani kanuni za usalama za viti vya watoto zinazotumika Ulaya. Ulaya iliacha kuuza vipya vya R44 mwaka 2024, kwa hiyo vingi vitakuja huku, na vinaweza kutumika. Vya Marekani havina lebo hiyo, vina maandishi FMVSS 213, kanuni ya kwao. Geuza kiti, tazama tarehe ya kutengenezwa chini, kagua nyufa kwenye plastiki, na ukate tamaa kama muuzaji hajui kilikotoka: kiti kilichopata ajali hakitumiki tena, hata kikionekana kipya.

Mtoto abaki akitazama nyuma kadiri kiti kinavyoruhusu. R129 inadai angalau miezi 15. Na baada ya safari ya Kavumu, au kila Jumapili, rudia lile zoezi la sentimita 2.5, maana mashimo yanalegeza mkanda kuliko unavyodhani.