Kwenye Queen, yule wa besi ni nani?

SWALI: Shikamoo Anko. Mimi napiga besi kwenye bendi ya dansi hapa Morogoro, mwaka wa kumi na moja huu. Juzi tuko kwenye gari tunaenda kupiga harusini, kijana wetu wa kinanda akaniwekea nyimbo za Queen, ile bendi ya roki ya Uingereza, kwenye simu, huku ananisimulia mwimbaji wao Freddie Mercury hivi, Freddie Mercury vile, mzaliwa wa Zanzibar yule, mi naitikia tu ila kiukweli sikio langu liko kwenye besi. Anayepiga ni nani? Nimemuuliza kijana hajui. (Mpiga besi, Moro)

JIBU: Marahaba. Yaani umenifurahisha sana, maana barua zote za Queen ninazoletewa ni Freddie, Freddie, Freddie. Na siwalaumu, mtu kazaliwa Unguja tarehe 5 Septemba 1946, akaja kusimama Wembley mwaka 1985 akaushika uwanja mzima kwa dakika kama ishirini tu, utaachaje kumsema? Lakini nyie wa besi mnajuana.

Anaitwa John Deacon. Wa Leicester, Uingereza, kazaliwa 1951, ndo mdogo kuliko wote pale, kaingia 1971 wenzake wakiwa wameshabadilisha wapiga besi mpaka wamechoka. Mkimya balaa. Kwenye bendi yenye watu watatu wanaoimba vizuri vile, yeye kwenye rekodi kaacha kuimba kabisa, kazi yake nyuzi.

Tena alikuwa mwanafunzi wa elektroniki London, na hapa ndo mimi nampendea. Siku moja anapita barabarani akaona nyaya zinaning'inia kwenye takataka, kuchungulia kumbe ni ubao wa saketi umetupwa, akaubeba. Akaupachika kwenye boksi la spika dogo la kuweka kwenye shelfu, akaunga betri ya volti 9, ikawa amplifaya. Haina kitufe cha sauti, haina cha besi wala treble, unachomeka gita basi. Brian May mpiga gita akakipenda kile kidude akawa anakitumia studio (na yeye gita lake alilitengeneza nyumbani na baba yake, mbao nyingine zimetoka kwenye meko ya zamani, kwa hiyo walikutana mafundi). Tafuta Good Company ya 1975, utaapa kuna tarumbeta na klarineti mle ndani, kumbe ni gita la May linapita kwenye kile kitu cha kuokota!

Haya, besi sasa. Another One Bites the Dust, 1980, kaandika Deacon mwenyewe, na gita nyingi mle kapiga yeye, ikashika namba moja Marekani. Mimi niliipata kwenye kaseti ya kudurufu, mkanda umeshalegea, sauti ya Freddie inayumba kama mlevi lakini besi iko palepale. Noti tatu za chini, zilezile, kama mtu anapiga hodi mara tatu mlangoni, afu anatulia kidogo ndo anaendelea. Wewe unaijua ile shida, vijana wa siku hizi wanaogopa kimya, wanajaza kila nafasi mpaka mpiga dramu anakosa pa kupitia. Deacon anaiacha nafasi, na hiyo nafasi ndo inakuinua kitini.

Usidhani hawezi kukimbia lakini. Weka hedifoni usikilize The Millionaire Waltz ya 1976, mwanzoni piano na besi ndo zinaongea, na besi haimfuati Freddie nyuma kama mtoto, inapanda inashuka inamjibu. Mimi hiyo naiona ndo besi yake bora, wengine watabisha, wabishe tu. Under Pressure waliyofanya na mwimbaji David Bowie 1981 usiseme, noti mbili tu ile, hata mtoto anaijua. Na inasimuliwa kwamba aliitunga, wakatoka kwenda kula piza, kurudi kaisahau! Roger Taylor wa dramu ndo akamkumbusha.

Usimtafute kwenye shoo zao za sasa hivi. Freddie alifariki Novemba 1991, Deacon akapiga mara chache tu baada ya hapo, toka 1997 kajikalia kimya kwake, May na Taylor wanaendelea na watu wengine.

Ila huyo kijana wako wa kinanda mwambie naye asikilize You're My Best Friend. Deacon kamwandikia mke wake, na kile kinanda cha umeme unachokisikia anapiga Deacon huyohuyo, maana Freddie alikikataa, alikuwa anataka piano ya kawaida. Basi jamaa akaondoka na kinanda akajifunza mwenyewe.