Wa kike anaangaliwa mapema, wa kiume anasubiriwa

Swali la wiki hii limeuliza hivi, kwenye tenisi ya watoto nani anafuatiliwa zaidi, binti anayechipukia au mvulana, na kwa nini. Mimi niko Tanga, nna watoto wawili wanaocheza, wa kike ana miaka 14 na mdogo wake wa kiume 12, kwahiyo hili jambo nakutana nalo kila jioni. Jibu langu ni kwamba huko duniani wa kike ndo anaanza kuangaliwa mapema, huku kwetu anaangaliwa wa kiume, na kote kote naona binti ndo anapunjwa.

Nianze na huko nje. Mabinti wanakomaa mapema, akifika 15 au 16 anaweza kuingia uwanjani na mtu mzima na akamtoa. Martina Hingis wa Uswisi alichukua French Open ya juniors, yaani ya wasiozidi miaka 18, mwaka 1993 ana miaka 12 tu, Januari 1997 ana 16 akabeba Australian Open ya wakubwa. Coco Gauff naye, French Open ya juniors 2018, mwaka unaofuata ana 15 akamtoa Venus Williams, bingwa wa siku nyingi, raundi ya kwanza Wimbledon na dunia nzima ikawa inamwongelea yeye. Sasa mtu akimwona binti wa 14 ana mkono mzuri anajua hasubiri sana, miaka miwili mitatu atamkuta kwenye tivii.

Mvulana inabidi aote misuli kwanza, sevu yake, ule mpigo wa kuanzisha mpira, ipate uzito, ndo wanaume wenzie wamwogope. Roger Federer wa Uswisi alishinda Wimbledon ya juniors 1998, ile ya wakubwa akaja kuipata 2003. Jannik Sinner wa Italia hata hakuwa jina kubwa kwenye juniors, utotoni alikuwa anashindana mchezo wa kuteleza kwenye theluji, akaja kuchukua Australian Open 2024 ana miaka 22. Wapo wa mapema pia, Boris Becker wa Ujerumani alikuwa na 17 alipochukua Wimbledon 1985, ila kwa kawaida wa kiume watu wanampa muda.

Na hapo kwenye muda ndo mimi roho inaniuma. Jennifer Capriati wa Marekani aliingia kwenye tenisi ya kulipwa mwaka 1990 ana miaka 13, mwaka huohuo akafika nusu fainali French Open, kila mtu anamtaka yeye, miaka michache baadae akawa amechoka na ameacha, mpaka WTA, chama cha tenisi ya kulipwa ya wanawake, kuanzia 1995 wakaweka sheria ya kupunguza mashindano kwa walio chini ya miaka 18. Alirudi akachukua Australian Open 2001, lakini jamani yule alikuwa mtoto wa darasa la saba kwa hesabu zetu sisi! Ndo maana wakiniambia wa kike wanapendwa zaidi huko nauliza wanapendwa mpaka lini.

Angalia hapa jirani tu Kenya. Angella Okutoyi mwaka 2022 alishinda Wimbledon ya juniors, dabo za wasichana, wawili kwa wawili, akiwa na Rose Marie Nijkamp wa Uholanzi, Mkenya wa kwanza kupata taji la juniors kwenye Grand Slam, yaani yale mashindano manne makubwa ya tenisi duniani, na wakati ule hata watu ambao hawajawahi kushika raketi walinitumia picha yake. Baada ya hapo kimya, naulizwa eti yule binti wa Kenya kaishia wapi, wakati 2024 kachukua dhahabu ya singo kwenye Michezo ya Afrika kule Accra! Hajaishia popote, ni sisi tuliacha kuangalia. Na mmoja wa waliofungwa kwenye fainali ile ya Wimbledon ni Victoria Mboko wa Canada, ambaye 2025 ana miaka 18 akachukua taji la Montreal kwa kumfunga Naomi Osaka.

Sasa njoo Tanga. Juzi wanangu wanacheza seti, dada mtu akamkimbiza mdogo wake kona hadi kona halafu akamaliza na bekihendi ya mikono miwili, mpira umenyooka na mstari ukadondokea ndani kabisa, safi. Mzee mmoja kwenye benchi akasema, "Huyu dogo ana spidi, mama, huyu usimwachie." Anamsifia ambaye hakuufikia mpira! Ni mzee mwema na anatusaidia sana, mipira tunayochezea mingi katoa yeye, ila jicho lake limezoea kutafuta mvulana. Nikamwambia shikamoo mzee, na dada yake je? Akasema anacheza vizuri sana, ila wa kike akifika fomu tu unamkosa.

Ni kweli unamkosa, lakini tuseme na sababu. Wavulana hapa wengi waliingia kwenye tenisi kwa kuokota mipira. Anakuja jioni anawaokotea wakubwa, anapewa hela ya chapati, siku moja mtu anaondoka anamwachia raketi kuukuu, nyuzi mbili zimekatika lakini inapiga, na huyo kashaanza. Mabinti muda huo wako madrasa au jikoni, mlango ule hawaujui. Wakifika 13, 14 inakuja habari ya mavazi, wangu anacheza na suruali ndefu na mtandio na hajawahi kukatazwa na yeyote, ila wenzie watatu waliacha kwasababu hakuna aliyewaambia kwamba inawezekana. Kisha kaka zao wakikua tunasema wavulana wa Tanga ndo wanaopenda tenisi.

Kocha nimeshaongea nae. Nataka mabinti nao waokote mipira Jumamosi asubuhi, saa moja hadi saa tatu, jua halijawa kali na madrasa ya jioni haiguswi, walipwe sawa na wavulana na raketi za kugawa zigawiwe na kwao. Kakubali, kasema tu mama zao wawepo. Mimi ntakuwepo, na shoga zangu wawili wa Ngamiani nao wamesema watakuja na mabinti zao.