Jasho Lako, Jina la Nani? Majibu kwa Wasomaji wa Mtwara na Lindi

Minada ya korosho ikifunguliwa Oktoba, simu yangu haipoi. Wiki za malipo ndizo wiki za ugomvi majumbani, nami nimekuwa msaidizi wa kisheria muda mrefu kiasi cha kuzijua kwa harufu. Safari hii karibu maswali yote yanaigusa Wizara ya Maendeleo ya Jamii, Jinsia, Wanawake na Makundi Maalum: inafanya nini, iko wapi, inamfaa nini mtu wa kijijini. Nimechukua sita.

Shikamoo mama. Mimi na mume wangu tulianza shamba la mikorosho tangu likiwa pori. Napalilia, naokota, nabangua ya mboga, nasomba magunia hadi ghala la AMCOS, chama chetu cha ushirika cha wakulima. Uanachama ni wa kwake na akaunti ni yake. Msimu uliopita alipolipwa alipotea wiki tatu, akarudi na habari za mke wa pili. Wizara ya jinsia itanisaidia? (Mama wa watoto wanne, Tandahimba)

Marahaba mwanangu, na pole sana. Barua yako nimeisoma mara tatu kwa sababu ni barua ya nusu ya wanawake wa wilaya yako.

Wizara haitakuja kumnyang'anya mumeo kadi ya benki. Kazi yake ni kutunga sera, kusimamia sheria zisimsahau mwanamke, na kuhakikisha kuna mtu karibu yako wa kukuongoza. Mtu huyo ni afisa maendeleo ya jamii wa kata. Anza kwake.

Sasa sheria. Kifungu cha 60 cha Sheria ya Ndoa ya 1971 kinasema mali iliyoandikwa jina la mmoja wa wanandoa itachukuliwa ni yake, mpaka mwingine athibitishe vinginevyo. Ikiandikwa majina yenu wote wawili, itachukuliwa mna haki sawa. Unaona uzito wa jina? Leo mzigo wa kuthibitisha uko kichwani kwako. Lakini si mzigo usiobebeka. Kifungu cha 161 cha Sheria ya Ardhi ya 1999 kinamtambua mwenzi ambaye jina lake halipo kwenye ardhi ila ametoa nguvu zake kuiendeleza: jasho lake linamtia ndani ya umiliki. Na mwaka 1983, katika shauri la Bi Hawa Mohamed dhidi ya Ally Sefu, Mahakama ya Rufani ilikubali kwamba hata kazi za nyumbani, kupika na kulea, ni mchango katika mali ya ndoa. Bi Hawa mwenyewe hakuambulia mgawo, kwa kuwa mahakama iliona fedha alizokuwa amepewa na mumewe alizitumia vibaya, lakini kanuni aliyoiacha inawalinda wanawake mpaka leo. Ikiwa mpishi na mlezi ana mchango, wewe uliyeng'oa visiki una zaidi.

Kuhusu mke wa pili: kama ndoa yenu inaruhusu wake wengi, kuoa si kosa. Ila sheria inampa mke aliyepo haki ya kuweka pingamizi kabla ndoa mpya haijafungwa, kama uwezo wa mume ni mdogo na ndoa hiyo itawatia nyinyi wa nyumbani katika dhiki. Wengi hawalijui hili, na siku ya kulijua huwa wali umeshaliwa.

Nakushauri hivi. Usikimbilie talaka. Hata ukiitaka, lazima mpite kwanza kwenye baraza la usuluhishi la ndoa, na kwa wengi wetu huku hilo ni la BAKWATA, yaani Baraza Kuu la Waislamu, au la kata. Nenda ofisi ya AMCOS uombe uanachama kwa jina lako. Ushirika ni wa mkulima, na mkulima ni wewe pia. Ombeni sehemu ya mikorosho isajiliwe kwako wakati wa kuandikisha wakulima wa pembejeo, ili salfa na dawa zije kwa jina lako na mauzo yaingie akaunti yako. Halafu muulize mtendaji wa kijiji kuhusu hatimiliki ya kimila yenye majina yote mawili. Mumeo akigoma, kugoma kwake kuandikwe kwenye muhtasari. Nimeona mwanamke akishinda kwa sababu ya mistari miwili ya muhtasari wa kijiji, na nimeona mwingine mwenye haki iliyo wazi kama jua akishindwa kwa kukosa hata mstari mmoja.

Mama, mbona mnatuletea habari za jinsia watu wa kusini? Sisi Wamwera na Wamakonde ni watu wa ukoo wa mama. Mwanaume ndiye anayehamia kwa mkewe. Wanawake wetu tayari wana nguvu. (Kijana, Ruangwa)

Swali zuri, na nalipenda kwa sababu linatoka ndani. Ni kweli. Ukoo ulihesabiwa kwa mama, na mwali aliyeolewa alibaki karibu na mama yake, kwa hiyo mume mkorofi alikuwa na mashahidi pande zote. Hiyo ilikuwa kinga kubwa, na wenzetu wa mikoa mingine hawakuwa nayo.

Lakini mwanangu, jiulize: shauri likizuka, nani aliyekaa kitako kuamua? Mjomba. Ukoo ulipita kwa mama, uamuzi ukakaa kwa kaka yake mama. Kisha ikaja mikorosho. Shamba la mtama au muhogo lilihamahama, likiisha rutuba mnafyeka jingine. Mkorosho unakaa miaka na miaka, na aliyeupanda anautaka uwe wake na wa wanawe. Mimi nimeyaona haya kwenye ukoo wetu: ardhi iliyokuwa ya bibi imegeuka "shamba la baba" bila kikao hata kimoja, kwa sababu tu aliyekwenda kujiandikisha ushirika alikuwa baba. Ile kinga ya zamani imeondoka, na anayesema wanawake wetu bado wanayo anawadhulumu bila kujua.

Ndipo Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya 1999 inapoingia. Inampa mwanamke haki ya kupata, kumiliki na kutumia ardhi sawa na mwanaume, na mila inayomnyima haki hiyo haina nguvu. Baraza la ardhi la kijiji lina wajumbe saba, na watatu lazima wawe wanawake. Kwenye halmashauri ya kijiji wasipungue robo. Hebu nenda kahesabu kwenye kijiji chako, kisha uangalie ni wangapi kati yao wanaofungua mdomo kikaoni. Nijibu.

Ofisi ya wizara iko wapi Mtwara? Nimezunguka sana. (Msomaji, Mikindani)

Makao makuu yako Dodoma. Wewe mtafute afisa maendeleo ya jamii wa kata, au nenda idara ya maendeleo ya jamii kwenye halmashauri yako. Maofisa hao wameajiriwa upande wa TAMISEMI, yaani tawala za mikoa na serikali za mitaa, lakini wanatekeleza sera ya wizara. Usizunguke tena.

Kikundi chetu cha wanawake kinalima mwani. Tumesikia mikopo ya halmashauri imerudi. Je, ni ya wenye kujuana tu? (Katibu wa kikundi, Lindi Vijijini)

Imerudi. Ilisitishwa mwaka 2023 na ikafunguliwa tena mwaka 2024. Ni asilimia 10 ya mapato ya ndani ya kila halmashauri: 4 za wanawake, 4 za vijana, 2 za watu wenye ulemavu. Haina riba. Iko kwenye sheria tangu 2018, kwa hiyo si hisani ya mkurugenzi wala ya diwani, na mtu yeyote akiomba "ya soda" ili jina la kikundi lipite, kataeni na mripoti TAKUKURU, taasisi ya kupambana na rushwa.

Kikundi kisajiliwe, kiwe na katiba, akaunti ya benki na mradi unaoeleweka. Hapo kwenye mradi ndipo vingi huanguka. Msiandike "biashara ya mwani" mkaishia hapo. Andikeni kamba ngapi, vigingi vingapi, mnaanika kwenye kichanja au mchangani, mnunuzi ni nani, na maji yakipata joto mwani ukafa mtaishi kwa nini. Na msikopeshe jina la kikundi kwa mume wa mtu. Deni litabaki kwenu.

Binti yangu alipata mimba akiwa kidato cha pili. Familia ya mvulana inataka tuyamalize kwa kuwaoza. Shangazi yake anasema ameshachezwa unyago, ni mtu mzima. (Baba, Newala)

Kaka yangu, usimuoze. Nakusihi.

Mwaka 2019 Mahakama ya Rufani ilithibitisha kwamba vifungu vya Sheria ya Ndoa vinavyoruhusu msichana kuolewa chini ya miaka 18 vinapingana na Katiba. Sheria ya Elimu, baada ya marekebisho ya 2016, inatoa kifungo cha miaka 30 kwa anayempa mwanafunzi mimba, na kumuoza mwanafunzi ni kosa pia. Mkiyamaliza kifamilia, na wewe unajiingiza humo. Nenda Dawati la Jinsia na Watoto kituo cha polisi, au piga 116, namba ya bure ya kusaidia watoto.

Kisha mrudishe shule. Tangu mwishoni mwa 2021 serikali inaruhusu mwanafunzi aliyejifungua kurudi darasani. Mkuu wa shule akisita, mwambie hivyo kwa upole, na ukienda na afisa maendeleo ya jamii itakuwa bora zaidi. Kilichobaki kinahitaji wewe na mama yake mkubali kumlea mjukuu ili binti asome.

Na shangazi: mimi pia nimechezwa, na somo yangu, aliyenifunda unyagoni, nilimheshimu hadi alipofariki. Unyago ulifundisha usafi, heshima na kuvumiliana. Haukumgeuza mtoto wa miaka kumi na minne kuwa mke. Manyakanga, wasimamizi wa unyago, wenye busara wanalijua hilo, na nimekaa na baadhi yao wakakubali kungoja likizo na umri kabla ya kumcheza mtoto. Mpelekeni shangazi akazungumze nao.

Mke wangu hunipiga. Nikienda dawatini si watanicheka? (Mwanaume, Masasi)

Nenda. Sheria ya Ndoa, kifungu cha 66, inakataza mwenzi yeyote kumpiga mwenzake, haikusema mume tu. Kama una jeraha, omba polisi fomu ya PF3, ile ambayo daktari huandika majeraha yako, kisha katibiwe. Ukiona aibu kwenda peke yako, niandikie tena. Nitatafuta msaidizi wa kisheria mwanaume wa huko Masasi akusindikize.