Kibali cha zamani cha lori: kinunuliwe?

SWALI: Mhariri, ninaishi Texas, Marekani, na nimenunua lori la kubebea mizigo ya watu kwa malipo. Mzee mmoja anayestaafu anataka kuniuzia kibali alichopewa na jimbo miaka ya 1980, kinachomtambua kuwa msafirishaji wa umma katika njia maalumu. Je, nikinunue? Na ikiwa lori langu halitatoka nje ya Texas, je, sheria za serikali kuu zinanihusu?

JIBU: Ndugu msomaji, usikinunue. Mzee huyo huenda hana hila yoyote, kwa kuwa zamani kibali cha namna hiyo kilikuwa mali halisi, na watu walikinunua kwa fedha nyingi. Vibali vya Texas vilitolewa na Tume ya Reli, ambayo licha ya jina lake ilisimamia pia malori, na mwombaji mpya alilazimika kuthibitisha kwamba umma ulihitaji huduma yake, huku kampuni zilizomtangulia zikiruhusiwa kumpinga. Kwa hiyo bei ya kibali ilitokana na ugumu wa kukipata. Sheria ya mwaka 1980 ililegeza udhibiti huo kwa mizigo inayovuka mipaka ya majimbo, kisha sheria ya mwaka 1994, iliyoanza kutumika tarehe 1 Januari 1995, ikayaondolea majimbo mamlaka ya kupanga nauli, njia na huduma za malori ya mizigo.

Majimbo yalibakiwa na usalama, bima, uzito na vipimo vya magari, njia za mizigo ya hatari, na uhamishaji wa vyombo vya nyumbani. Ndiyo maana leo huulizwi kama umma unakuhitaji, bali kama una bima na kama lori lako ni salama. Texas husajili wasafirishaji kupitia idara yake ya magari, na usajili huo unauomba wewe mwenyewe, kwa jina lako.

Swali lako la pili ndilo linalowaponza wengi. Kinachotazamwa ni safari ya mzigo, wala si ya lori peke yake. Kontena likitoka ng'ambo, likashushwa Houston na kupelekwa moja kwa moja kwa mnunuzi aliyeko Dallas, kipande chako cha safari ni sehemu ya biashara ya nje, hata kama magurudumu yako hayakugusa jimbo jingine. Hapo kanuni za serikali kuu zinakuhusu: kwa lori linalobeba mizigo ya wengine kwa malipo, lenye uzito wa kuanzia pauni 10,001, bima ya dhima (inayolipa madhara unayowasababishia wengine) kwa mizigo ya kawaida haipungui dola 750,000, na utahitaji idhini ya kusafirisha kwa malipo, ambayo si kitu kimoja na namba ya USDOT, yaani namba ya utambulisho wa msafirishaji inayotolewa na Wizara ya Uchukuzi ya Marekani. Namba hiyo Texas huidai hata kwa wanaofanya kazi ndani ya jimbo tu. (Leseni ya udereva wa kibiashara ni suala jingine, na kwa kawaida huanzia pauni 26,001.)

Basi kabla ya kujaza fomu yoyote, waulize wateja wako mizigo yao inatoka wapi na inaishia wapi, kisha utunze hati za kila safari, kwani mkaguzi ataanzia hapo.