Kwa mpiga besi mgeni kwenye bendi ya kanisa

Kijana uliyekaribishwa kupiga besi kanisani, iwe hapa Mtwara, Shangani, Chikongola au kule Mikindani, najua unataka wasikie gitaa lako. Umelizoea, shingo yake unaijua hata gizani. Lakini mazoezi ya kwanza yatumie kumchunguza mpiga kinanda. Bendi iliyokaa bila mpiga besi huwa inapata besi kwenye mkono wake wa kushoto, au kwenye ridhimu ya kinanda chenyewe, yaani dramu na besi zinazojipiga zenyewe. Ukiingia juu ya hapo, besi mbili zinagombana na waumini wanasikia ngurumo tu. Mfuate mapema, kwa heshima, maana yeye ndiye mwenyeji: "Kaka, naomba uzime besi ya kwenye ridhimu, na mkono wa kushoto unipunguzie." Vinanda vingi vya ridhimu vinaruhusu kuzima besi peke yake, dramu zikabaki.

Muulize pia kama anatumia transpozi, kitufe cha kupandisha au kushusha sauti za kinanda chote. Wapo wanaopiga kila wimbo kwa vidole vya C, kinanda ndicho kinapandisha. Akiweka tatu juu, yaani nusu-toni tatu, vidole vinaonyesha C lakini sauti inayotoka ni E flati. Ukifuata mikono yake umepotea. Na E flati inakubana: uzi wako mnene unaishia E, kwa hiyo do yako, noti ya nyumbani ya wimbo, ya chini kabisa iko freti ya sita ya uzi wa A. Jizoeze kupiga bila kutegemea nyuzi wazi, do ikihama mkono wote uhame nayo.

Kwaya inayoimba kwa nota ni nafuu. Omba karatasi, soma mstari wa besi. Kodi, yaani noti zinazolia pamoja, ikiwa ya do na wanaume wa besi wanaimba mi, nawe piga mi. Mtunzi kaiweka pale ili wimbo usitulie mapema.

Kazi ipo kwenye mapambio. Mama anaanzisha akiwa kwenye benchi, ufunguo wa kinanda haumhusu. Punguza sauti ya gitaa mpaka uisikie wewe tu, acha mzunguko mmoja upite, sikiliza silabi ya mwisho inapotua. Mara nyingi hapo ndipo penye do. Ukishaipata pandisha sauti, na pigo lako la kwanza liangukie pale pale mpiga dramu anapokanyaga ngoma ya mguu. Mbwembwe za seben, ile sehemu ya kuchezesha ya muziki wa Kikongo, ziache mpaka wakuzoee, na hata wakikuzoea, mimi naona chache zinatosha.

Spika sasa. Uzi wa E ukiwa wazi unatetema kama mara 41 kwa sekunde, na spika ndogo hazifiki huko chini. Ukizidisha besi kwenye amplifaya unaichosha spika bure, na bati la paa nalo linaanza kuitikia. Punguza besi, ongeza sauti za kati, utasikika noti kwa noti. Ndiyo maana siwashauri wanaoanza kukimbilia gitaa la nyuzi tano: B yake ya chini ni kama mara 31 tu kwa sekunde. Spika ya kuitoa vizuri utaikuta kwa nadra.

Kama umetoka bara, Masasi au Songea, ujue hewa ya bahari inakula nyuzi. Futa kwa kitambaa kikavu baada ya ibada, upitishe hadi chini ya nyuzi, gitaa lirudi kwenye mfuko wake. Lisiachwe limeegemea dirishani mpaka Jumapili nyingine.

Umeme ukikatika katikati ya wimbo, zima amplifaya papo hapo, usingoje urudi na kishindo. Na ukisogeza mdomo kwenye maikrofoni huku mkono uko kwenye nyuzi ukachapwa na umeme, acha kupiga. Hapo kuna hitilafu ya ethi, waya wa kupeleka umeme ardhini, aitwe fundi umeme. Watakaokwambia uvae ndala za mpira uendelee, usiwasikilize.