Kabla Hujagusa Msimbo wa Django, Hakikisha Majaribio Yake Yanapita kwenye Kompyuta Yako

Vijana wa hapa Mwanza wanaotaka kuchangia programu huria huniuliza swali moja: nianze na kazi gani? Jibu langu halijabadilika. Usianze na kazi yoyote. Pakua msimbo, endesha majaribio yote ya mradi (programu ndogo zinazokagua kama msimbo unafanya kazi sawasawa), na uhakikishe yanapita kwenye mashine yako kabla hujabadilisha hata herufi moja. Usipofanya hivyo, siku utakapoona majaribio matatu yamefeli hutajua kama umeyavuruga wewe au yalikuwa yanafeli tangu mwanzo kwa sababu kompyuta yako ina upungufu. Nimeona watu wenye akili nzuri kabisa wakikata tamaa hapo hapo, na inaniuma, kwa sababu kikwazo hakikuwa uwezo wao.

Nitatumia Django, mfumo wa kujengea tovuti kwa lugha ya Python, kama mfano. Ndio mradi ninaoufahamu zaidi, maelekezo yake yameandikwa kwa uangalifu, na si mgeni kwetu: mkutano wa DjangoCon Africa wa mwaka 2023 ulifanyika Zanzibar.

Kwetu huku tuanze na bando. Amri ya `git clone`, ndiyo inayopakua msimbo, haiwezi kuendelea pale ilipoishia. Mtandao ukikatika katikati, uwe umekaa Igoma au uko melini kuelekea Nansio, itabidi uanze upya na bando limeshaliwa. Historia ya Django inaanzia 2005, kwa hiyo ukiivuta yote kwa mkupuo unajitafutia hasara. Tengeneza nakala ya mradi (fork) kwenye akaunti yako ya GitHub, tovuti inayohifadhi msimbo huo, kisha upakue hivi, ukiweka jina la akaunti yako:

`git clone --depth 1 https://github.com/JINA-LAKO/django.git`

Hapo unapata msimbo kama ulivyo leo, bila historia. Majaribio hayahitaji historia. Ukija kuihitaji, subiri bando la usiku, ingia kwenye folda ya mradi na uvute kidogo kidogo kwa `git fetch --deepen=500`. Awamu iliyokamilika imekamilika. Umeme ukikatika unapoteza ile inayoendelea tu.

Sasa Python. Wengi wanateleza hapa bila kujua. Django 6.0 inataka Python 3.12 au zaidi, na Ubuntu 22.04 (toleo la Linux) inakuja na Python 3.10. Kama kompyuta yako ina Ubuntu hiyo, usipoteze jioni nzima ukipambana na ujumbe wa hitilafu. Hamia Ubuntu 24.04, ambayo tayari ina 3.12. Anayetumia Windows aweke WSL, inayoendesha Linux ndani ya Windows, na msimbo aupakue ndani ya folda yake ya Linux. Akiuweka kwenye `/mnt/c` kila kitu kitakwenda kwa kujivuta, halafu atadhani kompyuta yake imechoka.

Kabla ya kuweka kitu chochote, tengeneza mazingira pepe, yaani folda ya pembeni yenye Python na vifurushi vya mradi huu tu:

`sudo apt install python3-venv python3-dev build-essential`
`python3 -m venv ~/mazingira/django`
`source ~/mazingira/django/bin/activate`

Ubuntu za sasa zinakataa `pip` (programu inayopakua vifurushi vya Python) kuweka vifurushi moja kwa moja kwenye Python ya mfumo. Mitandaoni utakutana na watu wanaokuelekeza jinsi ya kulazimisha. Usiwasikilize. Programu nyingi za Ubuntu yenyewe zinategemea Python hiyo, na ukiivuruga utaweka upya mfumo mzima. Mazingira pepe yakiharibika unafuta folda moja na kuanza upya.

Baada ya hapo ingia kwenye folda ya `tests` ndani ya mradi, uandike:

`python -m pip install -e ..`
`python -m pip install -r requirements/py3.txt`

Amri ya pili ndiyo inayowatoa watu jasho. Itakwenda vizuri, vifurushi kama Pillow vitashuka, halafu ghafla skrini itajaa maandishi. Usiogope wingi wake. Panda nayo taratibu ukitafuta neno `error`, na mara nyingi utakuta mstari unaofanana na huu:

`fatal error: libmemcached/memcached.h: No such file or directory`

Maana yake ni kwamba kifurushi cha `pylibmc` kinahitaji kuundwa papo hapo kwa lugha ya C, na faili kinalolitegemea halimo kwenye mashine yako. Django haina kosa, na wewe huna kosa. Ama uweke `libmemcached-dev` na `zlib1g-dev` kwa `apt` kisha urudie, ama ukiruke kifurushi hicho kwa sasa:

`grep -v pylibmc requirements/py3.txt > /tmp/vitegemezi.txt`

Kisha mwambie `pip` asome faili hilo jipya: `python -m pip install -r /tmp/vitegemezi.txt`. Majaribio yanayohitaji kifurushi hicho yatarukwa, mengine yataendelea. Nimetumia njia hii ya `grep` kwa sababu haigusi faili la mradi. Ukifuta mstari ndani ya `py3.txt` yenyewe, siku utakayotuma mchango wako badiliko hilo litajipenyeza ndani na wakaguzi watakuuliza limetoka wapi.

Kama mko wawili au watatu, mnasoma pamoja Malimbe au mnapanga pamoja Nyegezi, hakuna haja ya kila mmoja kula bando lake. Mmoja apakue kwa `python -m pip download -r /tmp/vitegemezi.txt setuptools -d vifurushi`, anakili folda hiyo kwenye flashi, na wengine waweke kwa `pip install --no-index --find-links vifurushi -r /tmp/vitegemezi.txt`. Sharti ni kwamba mfumo na toleo la Python viwe sawa kwenye kompyuta zote.

Sasa endesha: `./runtests.py`

Soma mstari wa kwanza kabla ya kuinuka. Unaanza na `Testing against Django installed in`, ukifuatiwa na anwani ya folda. Hakikisha hiyo ndiyo folda uliyoipakua, maana wapo wanaopima nakala nyingine ya Django iliyolala kwenye kompyuta bila wao kujua. Kisha nukta zitaanza kumiminika. Kila nukta ni jaribio lililopita, `s` ni lililorukwa, `x` ni lile ambalo wenye mradi wanajua kwamba litafeli, `F` limefeli, na `E` limekwama kwa hitilafu. Zile `s` zisikutishe. Mengine yanahitaji hifadhidata ya PostgreSQL, mengine Memcached inayohifadhi data kwa muda, na huna sababu ya kuwa navyo vyote siku ya kwanza.

Django hugawa majaribio kwa michakato mingi kulingana na idadi ya viini vya kompyuta yako. Kwenye mashine yenye RAM ya GB 4, ukiwa umefungua na kivinjari chenye kurasa tele, kumbukumbu inaweza kuisha na kila kitu kikaganda. Funga kivinjari, halafu tumia `./runtests.py --parallel=1`. Itachukua muda zaidi, lakini itamaliza.

Na baki na hifadhidata ya SQLite, ambayo ndiyo chaguo la awali. Hifadhidata za majaribio zinakaa kwenye kumbukumbu, kwa hiyo umeme ukikatika na betri yako ni ile isiyotunza chaji, hakuna mabaki. Ukitumia PostgreSQL, hifadhidata ya majaribio hubaki kwenye diski, na ukirudia utaulizwa kama ufute ile ya zamani. Si hatari, lakini kwa mgeni ni fumbo jingine la bure.

Ukiona hitilafu nyingi za `UnicodeEncodeError`, weka kifurushi cha `locales`, kisha uendeshe `sudo dpkg-reconfigure locales` na uchague UTF-8. Hilo nalo ni la mfumo wako.

Ukishapata `OK` mwishoni, bado hatua moja ambayo naisisitiza kuliko zote: vunja kitu kwa makusudi. Fungua `django/utils/text.py`, tafuta `slugify`, ile kazi (function) inayogeuza kichwa cha habari kuwa anwani ya ukurasa. Ndani yake kuna `value.lower()`. Ondoa `.lower()`, hifadhi, kisha endesha kipande kimoja tu:

`./runtests.py utils_tests.test_text`

Sasa utaona jaribio linalotarajia `hello-world` likilalamika kwamba limepata `Hello-World`. Hapo una uhakika kwamba majaribio yanasoma faili uliyoihariri, na umeshajua kushindwa kunavyoonekana ukiwa bado unajua chanzo chake. Rudisha faili kwa kuandika `git restore ../django/utils/text.py`, endesha tena, nukta zitarudi.

Andika hali hiyo kwenye faili lako la kumbukumbu: tarehe, toleo la Python, mfumo, na ule mstari wa mwisho wenye idadi ya yaliyorukwa. Ukikwama na kuomba msaada, bandika hayo pamoja na hitilafu nzima kama maandishi, si picha ya skrini iliyopigwa kwa simu. Anayekusaidia anahitaji kuinakili na kuitafuta.

Baada ya hapo fungua tawi jipya la git (pa kuweka mabadiliko yako pembeni), nenda kwenye orodha ya tiketi za Django, yaani hitilafu na mapendekezo yaliyoripotiwa, na uchuje zile zenye alama ya `Easy pickings`. Soma mjadala wote wa tiketi kabla ya kuichukua, kwa sababu baadhi zinaonekana rahisi lakini zina mabishano ya miaka. Iliyo wazi na ambayo haijachukuliwa na mtu, jiandikishe, kisha anza kwa kuandika jaribio linalofeli.