Mteja akirudisha mzigo, nauli ya kutuma ni ya nani?

Dada wa Malindi, swali lako nimelisoma na majibu uliyopewa nimeyapitia. Umeuza mkoba wa ukili, mteja wa Nakuru akalipa bei ya mkoba na nauli ya basi, mzigo ukafika, sasa anasema rangi si ile ya kwenye picha na anataka pesa zake zote: bei, nauli ya kwenda na nauli ya kurudi. Wengi hapa wamekwambia "mali ikiuzwa hairudishwi", umuache apige kelele mpaka achoke.

Mimi nauza kofia za mkono, vikoi na udi kutoka Amu (Lamu), na wateja wangu wengi siwajui hata sura. Jibu langu ni jingine. Kabla ya kuuliza nauli ni ya nani, uliza safari ya ule mzigo imeharibiwa na nani. Kama ni wewe, nauli zote mbili ni zako, hata ikuume. Kama ni yeye, ya kwenda imeshaliwa na ya kurudi atajilipia.

Kile kibao cha mali ikiuzwa hairudishwi kilitundikwa dukani, mbele ya mtu aliyeishika bidhaa, akaigeuza, akaivuta mshono, akapatana bei ndipo akaondoka nayo. Mteja wako wa Nakuru hakushika kitu. Alichonunua ni picha na maneno yako. Sheria ya Kenya ya Uuzaji wa Bidhaa, Sura ya 31, ambayo ilikuwepo kabla hatujaziota hizi simu, inasema bidhaa iliyouzwa kwa maelezo sharti ilingane na maelezo hayo. Na humo humo kuna jambo ambalo wauzaji wengi hawalijui: mnunuzi akiikataa bidhaa kwa haki, halazimiki kuirudisha. Inatosha akujulishe kwamba ameikataa, ila kama mlipatana vingine. Yaani kuifuata ni shughuli yako. Ongeza kifungu cha 46 cha Katiba ya 2010, kinachompa mtumiaji haki ya kulipwa fidia kwa hasara inayotokana na kasoro ya bidhaa. Mtu aliyelipia basi ili aletewe kitu kibovu, ile nauli kama si hasara sijui tuiite nini.

Sasa tuje kwenye rangi, maana hapo ndipo penye utata. Ukili wa zambarau ukiupiga picha usiku chini ya taa ya manjano, kwenye simu hutoka kama damu ya mzee. Mteja anafungua mzigo mchana, anaona zambarau. Yeye hasemi uongo, na wewe hukukusudia kumdanganya, lakini picha ni yako. Mwombe aupige picha mkoba huo nje, kivulini, asubuhi jua likishapanda, na aweke ndimu kando yake. Ndimu kila mtu anaijua rangi yake. Ikitoka ya ajabu ujue ni simu yake. Kisha iweke picha hiyo kando ya ile uliyotangazia. Zikipishana waziwazi, lipa na umwombe radhi. Zikifanana, basi amebadili mawazo tu, na hilo lina hesabu yake.

Kubadili mawazo si dhambi. Lakini anayebadili mawazo hawezi kunitaka nimlipie tanboi, kondakta na makanika. Pesa ile imeshakwenda kwa wenye basi, mimi sinayo. Ila hapa unahitaji kuwa ulisema mapema. Sheria ya Kulinda Watumiaji ya 2012 ina vifungu vya mapatano yanayofanywa kwa intaneti, na inamtaka muuzaji amweleze mteja mambo yote ya msingi kabla hajakubali, tena ampe nafasi ya kukubali au kukataa. Ukinyamaza, unamfungulia mlango wa kuyavunja mapatano yenyewe. Mimi nina ujumbe nimeuhifadhi kwenye simu, naubandika kwa kila mteja kabla sijatoa namba ya kulipia:

"Nauli ya kutuma ni kando na bei. Kosa likiwa langu, narudisha bei na nauli zote mbili, kwa kiwango cha basi. Ukibadili mawazo, nijulishe ndani ya siku 7 na mzigo urudi kama ulivyotoka. Nitarudisha bei, nauli hairudi. Kofia iliyoshonwa kwa kipimo chako hairudishwi ila ikiwa na kasoro."

Nasubiri aandike "sawa". Asipoandika, namba hapati. Wako wanaokasirika, na hao mara nyingi ndio wangekuja kunisumbua baadaye.

Yale maneno "kwa kiwango cha basi" yana sababu. Kuna mteja mmoja nilimtumia kikoi kwa basi, akakuta kina uzi uliokatika katikati. Kosa langu, sikubishana. Lakini badala ya kukirudisha kwa basi alikwenda kwa watu wa kupeleka mizigo mlango kwa mlango, akaniletea risiti inayokaribia bei ya kikoi chenyewe. Nilimlipa kiasi cha nauli ya basi na tukakwaruzana kidogo. Tangu hapo naandika. Tena namwambia mteja atume kwa njia ileile niliyotumia mimi, na anipigie picha stakabadhi kabla hajatoka pale ofisini kwa mabasi.

Sisi wa visiwani tuna mkia wa ziada. Basi linaishia Mokowe, kutoka hapo ni mashua mpaka gatini Amu, na kutoka gatini kuna mkokoteni au punda kama mzigo ni mzito. Wapo wenzangu wanaomtoza mteja vipande vyote hivyo, kwenda na kurudi. Mimi naona bahari ni yangu. Mtu wa Nakuru hakunichagulia pa kuishi. Gharama ya mashua naiweka ndani ya bei tangu mwanzo, na nauli ninayomtajia ni ya basi peke yake, ili siku ya kurudishiana tuwe na namba moja ya kuzungumzia. Wewe uliye Malindi huna shida hii, basi unaliona barabarani.

Kwa jumla jihadhari na kutangaza "kutuma ni bure". Tuseme mkoba ni 1,500 na nauli ni 300, ukaandika 1,800 bila nauli. Akibadili mawazo, atadai 1,800 nzima, na ana hoja, kwa sababu hukumtajia nauli yoyote. Tenganisha namba mbili hizo.

Na "urudi kama ulivyotoka" usiseme kwa mdomo tu, kague. Kofia ya mkono humla mshonaji miezi, na mteja anaweza kuichosha kwa siku moja. Ikirudi naishika kwa kingo, naigeuza ndani, nanusa pale inapogusa paji la uso. Nilirudishiwa moja baada ya Idi, mwenyewe akasema ilimbana tangu alipoijaribu na hakuivaa. Kofia inanuka udi na mafuta ya nywele, wanga umelegea, ukanda wa ndani una mstari wa jasho. Ilikwenda kuswali, ikapiga na picha. Nilimtumia picha ya ule mstari, nikakata gharama ya kuifua, kuitia wanga na kuirudisha kwenye faruma, kile kibao cha kuipa kofia umbo, na nauli ya kurudisha alijilipia mwenyewe. Hakujibu tena. Kuna wanaoona nilikuwa mkali; mimi naona kofia iliyofukizwa haiuzwi tena kuwa mpya.

Akinunua vitu viwili na kurudisha kimoja, mimi sigawi nauli ya kwenda. Kifurushi kingelipiwa vilevile hata kingekuwa na kimoja. Na bidhaa ndogo, kama kifuko cha udi, usimfanye mtu airudishe kabisa. Nauli itazidi bei. Kosa likiwa lako, mrudishie pesa na umwambie akae nacho.

Kuhusu kurudisha pesa: irudishe kwenye namba iliyolipa, si nyingine, hata akikwambia ile laini imepotea, dada yake ndiye mwenye hii, na kadhalika. Matapeli wanaipenda sana njia hiyo. Mwenye laini halisi akijitokeza kesho utalipa mara mbili. Usingoje mteja aombe M-Pesa wageuze muamala, ile njia ni ya mtu aliyetuma kwa makosa, na yeye hakukosea. Andika ujumbe unaochanganua: bei kiasi fulani, nauli ya kwenda kiasi fulani, ya kurudi kiasi fulani. Wakiuliza ada ya kutolea pesa, mimi naongeza pale tu kosa lilipokuwa langu.

Uliuliza pia kuhusu wageni wanaoagiza wakisharudi kwao. Amu palikuwa na posta ya Wajerumani kuanzia 1888 hadi 1891, jengo lake leo ni makumbusho, kwa hiyo mizigo ya Ulaya si jambo geni kwetu, lakini sheria za kule si kama zetu. Uingereza, kwa kanuni zilizoanza kutumika Juni 2014, aliyenunua kwa mbali ana siku 14 baada ya kupokea mzigo kubadili mawazo bila kutoa sababu. Anarudishiwa bei pamoja na nauli ya kwenda, ile ya kawaida. Kama alichagua ya haraka iliyo ghali, tofauti ni yake. Nauli ya kurudisha ni yake, ila kama muuzaji hakumwambia hivyo mapema. Nchi za Umoja wa Ulaya ni vivyo hivyo. Mwaka 2010 mahakama yao ya Luxembourg ilimkatalia muuzaji wa Ujerumani aliyekuwa akibakiza euro 4.95 za kutuma kila mteja aliporudisha bidhaa. Kitu kilichotengenezwa kwa kipimo cha mteja hakimo katika haki hiyo, na kilichochakazwa kinaweza kukatwa thamani. Kwa hiyo mgeni akidai nauli ya kwenda usimwite mwizi, ndivyo alivyozoea. Mtajie masharti yako kabla hajalipa, aamue. Na akirudisha, mwambie aandike juu ya kifurushi kwamba ni bidhaa inayorudishwa, na wewe weka stakabadhi ya posta uliyotumia kwanza, usije ukadaiwa ushuru kama umeagiza kitu kipya.

Kwa huyu wa Nakuru, usitume shilingi wala usijibizane naye leo. Mwombe ile picha ya mchana na ndimu, kisha iweke hapa pamoja na uliyotangazia, tuzione zote mbili.